Yale Ilishindwa Mara Mbili, Ikatwaa Kombe

Katika kikao kimoja cha wahadhiri tulichoketi hivi karibuni, mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu kwa elimu yake na kwa umri wake, alisimama akatoa hoja kwamba alama za kazi ya muhula zifutwe kabisa. Alisema kuwa siku hizi insha nyingi wanazoleta wanafunzi huandikwa na mashine, na kwamba mwalimu anayeketi usiku kuzisahihisha hajui anamsahihisha nani. Kwa hiyo, alisema, mtihani wa mwisho, unaofanywa ukumbini chini ya macho ya msimamizi, uchukue alama zote 100 badala ya zile 70 tulizozizoea. Wengi walimuunga mkono. Mimi sikuwa na jibu la papo hapo, kwa maana shida anayoilalamikia naiona kila wiki mezani pangu. Lakini nilipokuwa nikimsikiliza, fikira zangu zilitoroka kikao zikaenda mbali sana, hadi katika mji wa Atlantic City, jimbo la New Jersey, mwezi wa Machi mwaka 2013, kwenye mashindano ya mchezo ambao yamkini hakuna mwingine chumbani mle aliyepata kuutazama.

Mchezo wenyewe ni hoki ya barafu. Msomaji anayeujua mpira wa magongo kama unavyochezwa City Park, Nairobi, na autoe ule uwanja wa chini auweke sakafu ya barafu ngumu. Awavishe wachezaji viatu vyenye vyembe vya chuma. Na mahali pa mpira aweke kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachoteleza kwa kasi ya gari barabarani. Kila upande huwa na wachezaji watano na mlinda-lango wao, na mchezo huchukua vipindi vitatu vya dakika 20. Zamani ningeona haya kulieleza jambo hili katika gazeti la Kiswahili, lakini siku hizi kuna vijana wetu waliojifunza kuteleza katika kiwanja kidogo cha barafu kilichomo ndani ya hoteli moja pale Barabara ya Mombasa, na mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Basi nisichekwe.

Vyuo vya Marekani havichezi mchezo huu kila kimoja kivyake. Hujikusanya katika makundi, na kila kundi huwa na ligi yake ya majira ya baridi. Wenyewe huliita kundi kama hilo konferensi, neno ambalo limewahi kuwaponza watafsiri wetu. Ukiandika 'kongamano', msomaji atadhani maprofesa wamekutana kusomeana makala, kumbe ni vijana wa miaka 20 wanasukumana ukutani. Mimi nitaliita shirikisho la vyuo, hadi atakapotokea mwenye neno bora.

Shirikisho ninalolizungumzia ni ECAC, lenye vyuo 12 vya kaskazini-mashariki. Sita kati yake ni vile vikongwe vinavyojulikana dunia nzima, yaani Harvard, Yale, Princeton, Cornell, Brown na Dartmouth. Sita vingine ni Clarkson, Colgate, Quinnipiac, Rensselaer, St. Lawrence na Union, ambavyo nje ya Marekani ni wachache wanaovijua. Vile vikongwe havimlipii mtu karo kwa sababu anajua kucheza. Akiwa maskini husaidiwa kwa umaskini wake. Ligi ikimalizika, kila timu ikiwa imecheza michuano 22, huanza mashindano ya mtoano, na mwishowe timu nne hukutana mahali pamoja kwa siku mbili kugombea Kombe la Whitelaw. Mashindano hayo yalianza mwaka 1962, na St. Lawrence ndiyo iliyotwaa taji la kwanza. Cornell, hadi mwaka 2025, ilikuwa imelitwaa mara 14, nyingi kuliko yeyote.

Sasa lipo jambo ambalo lazima lieleweke, la sivyo hadithi yote itapotea. Baada ya mashindano ya mashirikisho huja mashindano ya nchi nzima, ambayo hupokea timu 16. Kuna milango miwili ya kuingilia. Mlango wa kwanza ni kushinda mashindano ya shirikisho lako: ukitwaa kombe, umeingia, hata kama msimu wako mzima ulikuwa wa kusikitisha. Mlango wa pili ni rekodi ya mwaka. Wakati huo timu zote zililinganishwa mbili mbili kwa hesabu iliyotazama ulimshinda nani, ulishindwa na nani, na hao nao walikuwa na nguvu kiasi gani. Nafasi zilizosalia ziligawiwa kwa kufuata jedwali hilo. Mwaka 2013 mashirikisho yalikuwa matano, kwa hivyo timu tano zilipita mlango wa kwanza na 11 zikapita wa pili.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa uzamifu, nikiishi Connecticut, nimepanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa shabiki wa Yale tangu ujana wake. Ndiye aliyenipeleka kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa barafu wa Yale, ule uliobuniwa na Eero Saarinen na kukamilishwa mwaka 1958, wenye paa lililopinda kama mgongo wa mnyama wa baharini. Watu wa New Haven huuita Nyangumi. Mimi nilikwenda kwa ajili ya paa; nikarudi kwa ajili ya mchezo. Mzee alinifunza sheria, akanifunza pia chuki ndogo ndogo za mtaa, hasa ile dhidi ya Quinnipiac.

Quinnipiac ipo Hamden, kilomita zipatazo 13 tu kutoka Yale. Yale ilianzishwa mwaka 1701, Quinnipiac mwaka 1929. Katika hoki, Quinnipiac iliingia daraja la kwanza mwishoni mwa miaka ya tisini na ikapokewa ECAC mwaka 2005, pale Vermont ilipohama. Mzee wangu aliwataja watu wa Hamden kama mtu wa mji wa kale anavyomtaja mgeni aliyejenga ghorofa mkabala na nyumba yake. Bahati mbaya kwake, msimu huo ghorofa lilikuwa refu kweli kweli. Timu ya kocha Rand Pecknold ilicheza michuano 21 mfululizo bila kushindwa, ikaongoza ligi, ikatajwa kuwa ya kwanza nchini. Yale, chini ya Keith Allain, ilimaliza ya tatu, na ilikuwa imekwisha kufungwa na jirani yake mara mbili.

Mashindano ya timu nne za mwisho yalifanyika Atlantic City, mji wa kamari. Jambo hili nililiona kuwa kichekesho hapo awali na naliona hivyo hata leo, kwamba vyuo vyenye maktaba za mamilioni ya vitabu vilipeleka vijana wao kucheza ufukweni katikati ya nyumba za bahati nasibu, katika jumba maarufu kwa mashindano ya urembo. Mwaka uliofuata shirikisho liliyarudisha mashindano Lake Placid, mji mdogo wa milimani ambako Wamarekani waliwashinda Wasovieti mwaka 1980, na hakuna niliyemsikia akiililia bahari.

Siku ya Ijumaa, Machi 22, Yale ilifungwa na Union mabao 5-0. Jioni hiyohiyo Quinnipiac, timu ya kwanza nchini, ilifungwa na Brown 4-0. Kwa hiyo majirani wawili wakakutana Jumamosi katika mchuano ambao hakuna anayependa kuucheza, ule wa kutafuta nafasi ya tatu. Quinnipiac ilishinda 3-0. Kombe lilichukuliwa na Union, iliyoilaza Brown 3-1. Hesabu ya Yale katika siku mbili za mashindano ilikuwa michuano miwili, mabao manane ya kufungwa, na bao la kufunga hata moja. Katika timu nne, ilikuwa ya nne. Mzee alizima runinga akaniambia kuwa msimu umekwisha, akaingia jikoni.

Kwa kipimo cha mwenzangu wa kikaoni, msimu ulikuwa umekwisha kweli. Mtihani umefanywa, msimamizi yupo, hakuna aliyemwandikia mwenziwe, na mtahiniwa amepata sifuri.

Lakini ulibaki ule mlango wa pili, nao ulikuwa umeachwa wazi kidogo mno. Siku ya Jumapili, Machi 24, huko Detroit, Michigan ilikutana na Notre Dame katika fainali ya shirikisho jingine, CCHA. Michigan ilikuwa imecheza mashindano ya nchi kwa miaka 22 mfululizo. Msimu huo ilikuwa dhaifu, na jedwali lilikuwa limekwisha kuikataa. Njia yake pekee ilikuwa kombe lile. Lau ingeshinda, ingeingia kwa mlango wa kwanza na kumsukuma nje mtu wa mwisho wa mlango wa pili, na mtu huyo alikuwa Yale. Notre Dame ilishinda 3-1. Yale ikaingia ikiwa ya 15 katika timu 16.

Nakiri kwamba habari ya Michigan hunitatiza. Mimi ni mtetezi wa mlango wa kwanza. Naona ni haki kwamba timu iliyokosea mwezi wa Novemba ipewe nafasi ya kujikomboa mwezi wa Machi; bila hivyo mwanafunzi aliyeanza vibaya hana sababu ya kuendelea kusoma. Hata hivyo, mlango huohuo wa rehema nusura umfungie nje aliyestahili kuliko wote, kama ilivyokuja kubainika. Haiwezekani kumpa mmoja nafasi ya pili bila kuichukua mahali fulani, na mahali hapo pana mtu. Wanaoandika kanuni, za michezo au za mitihani, aghalabu hulisahau jambo hilo, kwa sababu huyo mtu wa pili hana jina wakati kanuni inapoandikwa.

Fainali ile ya Detroit ilikuwa na huzuni yake ya kando. Ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya CCHA ya zamani, iliyoanzishwa mwaka 1971. Vyuo vikubwa, Michigan kikiwamo, vilikuwa vimeamua kuunda ligi yao ya hoki chini ya jina la Big Ten, baada ya Penn State kupata fedha nyingi za kuanzisha timu na kujenga ukumbi; Notre Dame ikaenda kwingine, na shirikisho la miaka zaidi ya 40 likafa. Lilifufuliwa mwaka 2021 na vyuo vidogo vilivyoachwa. Namtaja marehemu huyu kwa sababu watu hudhani mashindano kama haya ni ya kudumu, ilhali hudumu tu maadamu wenye nguvu wanakubali kuketi meza moja na wanyonge.

Turudi kwa Yale. Mchuano wake wa kwanza wa mashindano ya nchi ulikuwa dhidi ya Minnesota, timu ya pili kwa ubora nchini. Dakika za kawaida zilikwisha 2-2. Muda wa ziada ulipoanza, zilipita sekunde tisa tu, bao likaingia, Minnesota ikaenda nyumbani. Siku iliyofuata Yale iliifunga North Dakota 4-1. Katika nusu fainali mjini Pittsburgh iliifunga UMass Lowell 3-2, tena katika muda wa ziada. Na upande wa pili wa ratiba, nani alikuwa akipanda? Quinnipiac.

Basi Aprili 13, mwaka 2013, timu zilizokuwa zimechezea nafasi ya tatu mbele ya viti vitupu majuma matatu kabla zilikutana tena kuamua bingwa wa Marekani nzima. Mzee wangu aliketi bila kusema neno. Kwa karibu dakika 40 hakukuwa na bao. Kisha, zikiwa zimebaki sekunde chini ya nne kipindi cha pili kiishe, Clinton Bourbonnais aligusa kisahani kikapita kwa mlinda-lango Eric Hartzell, mmoja wa wachezaji waliosifiwa sana mwaka huo. Kipindi cha tatu Yale iliongeza matatu. Mlinda-lango wake, Jeff Malcolm, alizuia mikwaju 36, yote iliyomfikia. Ikawa 4-0, na Yale, ambayo ilicheza hoki tangu karne ya kumi na tisa, ikatwaa ubingwa wa nchi kwa mara ya kwanza. Mara tatu ilikuwa imefungwa na jirani huyo katika msimu mmoja. Ya nne ndiyo iliyoandikwa kwenye kombe.

Najua mwenzangu atakavyojibu. Atasema kwamba nimechagua mwaka mmoja wa ajabu nikaufanya sheria. Naye atakuwa na haki ya kusema hivyo, kwani huo ndio ugonjwa wa sisi waandishi wa safu. Basi na tuutazame mwaka 2023. Quinnipiac, chini ya Pecknold yuleyule, ilifika Lake Placid ikiwa tena miongoni mwa timu bora nchini. Katika nusu fainali Colgate iliitoa kwa 3-2, baada ya vipindi viwili vya ziada, kisha ikaifunga Harvard na kutwaa kombe ambalo haikuwa imelipata tangu mwaka 1990. Colgate ikaingia mashindano ya nchi kwa mlango wa kwanza, na mchuano wake wa kwanza huko ikafungwa na Michigan 11-1. Quinnipiac ikaingia kwa mlango wa pili na ikawa bingwa wa nchi, ikiifunga Minnesota 3-2 kwa bao lililofungwa sekunde kumi baada ya muda wa ziada kuanza.

Kuna watakaosema kwamba yale mabao 11 yanatosha kuufunga mlango wa kwanza. Sikubaliani nao. Colgate haikuibia mtu lile kombe. Ililicheza na ikalishinda, na wale vijana watazeeka wakilisimulia. Ninachosema ni kwamba siku mbili za Lake Placid zilipima jambo moja, na miezi mitano ilipima jingine, na kwamba shirikisho lenye busara huvihitaji vipimo vyote viwili kwa kuwa vinakosea kwa namna tofauti. Siku moja humkosea aliyeugua, aliyefiwa, aliyeogopa. Mwaka mzima humkosea aliyechelewa kukomaa.

Na ugonjwa si mfano wa kubuni. Katika msimu wa 2020-21, vyuo vile sita vikongwe na viwili vingine havikucheza kwa sababu ya korona, na ECAC ikabaki na timu nne tu. St. Lawrence, iliyokuwa imepoteza michuano mingi kuliko iliyoshinda, iliifunga Quinnipiac 3-2 katika muda wa ziada wa fainali na kupata tiketi ya kwenda mashindano ya nchi. Siku iliyofuata kocha wao alipatikana na virusi, timu ikalazimika kujiondoa, na nafasi ikaenda kwa Quinnipiac waliyokuwa wameishinda. Hakuna kanuni ambayo ingewafaa. Mlango wao ulikuwa mmoja tu, nao ukafungwa kutoka nje.

Hapa kwetu tumewahi kuwa na mlango mmoja. KCPE, iliyoanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ilimpima mtoto wa miaka minane ya shule kwa siku chache za mwisho wa mwaka. Nimefundisha watu werevu waliozikumbuka siku hizo kama wanavyokumbuka ajali. Mfumo ulioifuata umejaribu kugawa uzito: mwaka 2025, watoto wa Gredi ya Tisa walipofanya mtihani wao wa kwanza wa KJSEA, mtihani wenyewe ulichukua asilimia 60, na asilimia 40 zilizobaki zikatokana na tathmini ya Gredi ya Sita na kazi ya darasani. Mfumo huo una kasoro zake, na nimepata kuzitaja kwa ukali. Ila ni ajabu kwamba wakati shule za watoto zinaongeza mlango, chuo kikuu kinataka kuziba cha kwake.

Wala sitaki kujifanya kwamba mashine zinazoandika insha si tatizo. Kazi ya muhula isiyojulikana mwenyewe ni kama mchuano ambao mwamuzi hakuwepo. Matokeo yake hayafai kuingizwa katika jedwali lolote. Lakini dawa ya mchuano usio na mwamuzi ni kumpeleka mwamuzi uwanjani. Muhula uliopita nilijaribu na wanafunzi wangu wa mofolojia. Kila mmoja aliyeleta insha aliketi nami dakika kumi akaitetea kwa mdomo: kwa nini alikichanganua kitenzi hivi, mfano ule aliupata kijiji gani, nani alimtamkia. Kati ya 38, saba hawakuweza kueleza walichodai wameandika. Kazi hiyo ilinila siku mbili na nusu, na najua darasa la watu 300 haliwezi kufanyiwa hivyo na mhadhiri mmoja. Linaweza kufanyiwa na wanne, na hapo ndipo tunapopaswa kuwabana wanaoajiri.

Miongoni mwa wale 31 waliojibu alikuwamo msichana mmoja aliyekuwa amepata alama ya chini kabisa katika mtihani wa muhula wa nyuma, ambaye alinieleza ngeli za lahaja ya kwao kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kitabuni. Nilimuuliza kulitokea nini siku ya mtihani. Akasema mamake alikuwa amelazwa hospitalini, na hakuona sababu ya kumweleza mtu.

Hoja ya mwenzangu haikupigiwa kura siku ile. Iliahirishwa hadi kikao kijacho, nami nimemwandikia mwenyekiti nikiomba dakika kumi.